Risasi Isiyo na Bunduki

Sikupigwa risasi. Naanza na hilo kwa sababu kule kwetu Mwingi, Kenya, kuna watu, wengine wa ukoo wangu kabisa, ambao mpaka leo wanaamini nilipigwa risasi Uarabuni na Mungu akaniokoa. Shangazi yangu mmoja alishatoa ushuhuda kanisani. Kuna waliosema kovu liko begani. Sina kovu begani. Nilichokuwa nacho ni risasi ile nyingine, madini yenyewe, yale ya ndani ya betri na rangi za zamani, nayo ilikuwa kwenye damu yangu.

Sasa nina nafuu ya kutosha kukaa mezani na kuandika, ingawa mkono wa kulia bado una maringo yake. Namwandikia mtu yeyote anayefanya kazi yenye vumbi la aina hiyo, iwe ya bunduki, ya betri au ya kuchoma nyaya, ambaye tumbo linamsokota na kila anakokwenda anapewa dawa ya asidi. Mambo ya kitabibu muulize daktari, mimi hayo yalinipita. Nitasema tu ilivyokuwa.

Kazi yangu hapa Doha ni ya karakana, kwenye klabu moja ya kulenga shabaha. Watu huja jioni, hufyatua, hufurahi, huenda zao. Sakafuni hubaki maganda ya shaba. Watu wengi hudhani ganda likishafyatuliwa ni takataka, lakini sivyo. Husafishwa, hukaguliwa, hujazwa upya baruti, huwekwa fataki mpya kitakoni, yaani kile kidude kidogo kinachoiwasha baruti, na kichwa kipya mbele, kisha hurudi kazini. Tulikuwa wawili kwenye kazi hiyo, mimi na mkuu wangu, Hajji Kasule, Mganda mwenye ndevu nyeupe na sauti ya mtu anayeita mbuzi. Jina langu, Kyalo, lilimshinda tangu siku ya kwanza. Aliniita Kilo.

"Kilo, kuya hapa. Hii ganda imepasuka shingo na wewe umeipitisha. Unataka mtu apoteze jicho?"

Nilimpenda yule mzee, na kazi niliipenda. Hilo nalisema mapema ili mtu asidhani nilisukumwa.

Ugonjwa ulianza baridi ikiisha, wakati watu wanaanza kulalamika kuhusu joto. Tumbo lilinishika mpaka nikawa natembea nimejikunja. Choo kilifunga. Usingizi ukakataa usiku, halafu ukanifuata mchana kazini. Chakula chote kikawa na ladha kama umelamba sarafu. Pale kituo cha afya Muaither, tunakokaa, walinipa dawa ya asidi, halafu dawa ya choo, halafu ushauri wa kunywa maji. Nilikunywa maji mpaka nikachoka. Mwishowe walipima damu wakasema iko chini sana, nikapewa ruhusa ndefu ya kukaa nyumbani nipumzike.

Nyumbani kwetu ni chumba na nusu kwenye vila iliyogawanywa, kuta za mbao nyembamba, jirani akipiga chafya unamwambia pole. Mke wangu Mwikali ni nesi wa kuwatembelea wazee majumbani. Gari la kazini lilimchukua alfajiri likamrudisha jioni. Binti yetu Mumbua alikuwa ametimiza miaka miwili. Kwa kawaida alishinda kwa mama mmoja wa jirani, lakini kwa kuwa sasa mimi nilikuwa nyumbani, nikapewa kazi ya kumlea. Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye maneno machache: maji, hapana, wapi. Mengine alionyesha kwa kidole.

Kukaa bure kuliniua kuliko tumbo. Mimi si mtu wa kulala mchana. Nilifagia palipofagiliwa. Nilimgombeza mtoto kwa mambo ya kitoto. Mwikali alivumilia, halafu siku moja akaniambia, "Baba Mumbua, tafuta kitu cha kufanya kabla hujatuua na hizo hasira."

Hajji alipokuja kunijulia hali, nikamuuliza maganda yamefika wapi.

"Usiulize. Ndoo zimejaa mpaka mlangoni. Mashindano yanakuja joto likipungua, na mimi niko peke yangu, na mgongo ndiyo huu."

"Niletee."

"Nini?"

"Maganda. Niletee hapa. Nitayasafisha nimekaa."

Alinitazama sana. "Kilo, ugonjwa ni ugonjwa."

"Ni kukaa tu, Hajji. Mkono unafanya, tumbo linalala."

Basi akaleta. Nisieleweke vibaya: baruti na fataki mpya havikutoka ghalani hata kwa dua, sheria ya hapa haina mchezo na sisi hatukuwa wajinga. Ni maganda matupu tu, yaliyokwisha kufyatuliwa. Machoni petu yalikuwa kama chupa za soda zilizokwisha. Alileta ndoo, kifaa cha mkono cha kusukumia nje fataki zilizokufa, na kile kipipa cha umeme kinachozungusha maganda ndani ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa mpaka yang'ae. Ndiyo, magunzi. Sisi tulikua tukiyatia motoni kupikia, huku watu wanayauza kwenye mifuko mizuri.

Zile wiki nilifurahi, sitadanganya. Kipipa kilizunguka kikinguruma pale pembeni, madirisha yamefungwa kwa sababu nje ni tanuri, kiyoyozi kinapuliza. Ganda linaingia jeusi linatoka linang'aa. Nilikuwa nayachekecha kutenga magunzi na maganda, vumbi la kijivu linapanda, napiga chafya, naendelea. Nilipokosa cha kuchekechea nilichukua chekeche ya Mwikali ya unga wa chapati. Niliiosha vizuri nikairudisha jikoni. Mumbua alikaa miguuni pangu na maganda yake, akayavaa vidoleni, vidole vyote kumi, akanionyesha mikono kama bibi arusi wa Kihindi. Nilimpiga picha nikamtumia Mwikali, naye akajibu kwa vicheko.

Jioni akirudi alisema, "Nyumba imekuwa kambi ya jeshi," lakini hakusema sana, maana angalau nilikuwa nimeacha kununa. Ndoo zikawa zinaisha, Hajji analeta nyingine. Wakati huohuo mimi nazidi kuwa mbaya. Uso ulipauka. Kwenye fizi ukatokea mstari wa bluu ambao nilidhani ni uchafu, nikausugua mpaka damu. Nilisema ni joto, ni kukaa ndani.

Halafu asubuhi moja nikainua kikombe cha chai na mkono ukakataa. Haukuuma. Ulining'inia tu kwenye kifundo, vidole chini, nami nautazama kama mkono wa mtu mwingine. Chai ikamwagika mezani. Mwikali alikuwa anafunga viatu. Akaja, akaushika, akaniambia niunyanyue. Nikajaribu.

"Nyanyua, Kyalo."

"Nanyanyua."

Ananiita Kyalo tu akiogopa. Alipiga simu kazini akasema leo haendi. Mtoto tukamwacha kwa jirani, sisi tukaenda hospitali kubwa.

Chumba cha kusubiri cha hospitali za hapa ni baridi kuliko Limuru. Mtu anatoka kwenye jua la kuchoma nyayo anaingia humo na shati lililolowa jasho anaanza kutetemeka. Unapewa namba, unakaa, unatazama ubao. Tulikaa karibu na Mnepali mmoja aliyeshika jicho lake kwa kitambaa, na mzee Mwarabu na mjukuu wake waliokuwa na boksi la tende, wakampitishia kila mtu safu ile nzima. Nilichukua kwa mkono wa kushoto nikaomba radhi. Mzee akaniambia, "Maalesh," yaani si kitu, akaongeza nyingine. Ile tende nilikula bila tumbo kusokota, sijui kwa nini, na nikaona nimehurumiwa.

Daktari alikuwa mama wa Kisudani. Alishika mkono wangu, akatazama fizi, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza miezi yote ile.

"Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Akaandika damu ipimwe kitu fulani, akasema majibu yatachukua siku kadhaa, nisiende kazini kabisa. Nikamwambia siendi kazini, niko nyumbani. Sikuongeza kwamba kazi imekuja nyumbani. Haikunijia hata kidogo kwamba lilikuwa la kusema.

Majibu yalikuja kwa simu, alasiri, Mwikali akiwa kwa wazee wake. Yule daktari alinipigia mwenyewe. Kiingereza chake na changu vilikuwa vimechoka wote wawili, akaingia Kiarabu. "Rasas," akasema. "Fi rasas, katir, fi damm." Rasas ni risasi: kuna risasi, nyingi, kwenye damu. Kazini kwetu neno hilo tulilisikia kutwa nzima. Kwa Kiarabu, kama kwa Kiswahili, neno ni moja: la ile inayotoka kwenye bunduki na la ile inayoyeyushwa. Aliniambia imeingia kwa vumbi la kazini, lile la fataki zilizolipuka, na nije asubuhi na nguo, nitalazwa.

Mama yangu, mwaitu, nilikuwa nimemwahidi kumpigia majibu yakitoka. Nikampigia hapohapo, mkono wa kushoto, kichwa kizito. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo Mzungu hawezi kulifanya hata akitaka, maana kwake hayo ni maneno mawili.

Nikasema, "Mwaitu, wamepata ugonjwa. Wamekuta nina risasi mwilini."

Ukasikika ukelele ambao sijapata kuusikia tena. "Woi! Woi! Wamempiga Kyalo! Kyalo wangu!" Simu ikaanguka. Nikasikia kuku, nikasikia mlango, nikasikia watu wanaitana ng'ambo ya shamba. Mimi naita "Mwaitu! Mwaitu!" kama mwehu. Mjomba akaichukua simu.

"Nani amekupiga? Ni Waarabu?"

"Mjomba, sijapigwa."

"Unaongea sasa hivi na risasi ndani? Lala chini! Usiongee, utapoteza damu!"

Nilianza kucheka. Niseme ukweli, nilicheka mpaka tumbo likaniuma. Mama akamnyang'anya simu, analia, maneno yanagongana, na kati ya yote akauliza, "Na mtoto? Mtoto alikuwa wapi? Haikumgusa mtoto?"

"Hapana, mwaitu, si ya bunduki, ni ya vumbi tu, imeingia kwa vumbi, mtoto haiku..."

Sikumaliza. Mumbua alikuwa pale sakafuni, kwenye zulia. Alikuwa na ganda mdomoni, analinyonya kwa utulivu, na nywele zake, zile ndogo za mbele, zilikuwa na kijivu cha magunzi.

Kicheko kiliniisha. Nilimtoa lile ganda nikakaa nimelishika. Mama anaendelea kuuliza kwenye simu.

Mwikali alisikia habari kutoka Kenya kabla ya kusikia kwangu. Dada yake alimtumia ujumbe wa pole kwa msiba. Aliingia mbio na sare ya kazi, viatu miguuni, jambo ambalo halifanyi kamwe, akanikuta nimekaa kitandani nimempakata mtoto niliyemwosha kichwa. Akanipiga begani, akanikumbatia, akanipiga tena. "Aki wewe! Wamesema umekufa!"

Nikamweleza. Nilieleza polepole, nikianza na simu ya daktari, nikaishia na ganda mdomoni. Nilimwona akiifikia ile habari kabla sijaimaliza. Ni nesi. Aligeuka akatazama zulia, ndoo, kipipa, kisha akaenda jikoni akarudi na chekeche.

"Hii uliitumia?"

"Niliiosha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamvua nguo zote, akamwogesha tena mwanzo mwisho, akamfunga kwenye shuka lililokuwa bado kwenye mfuko wa duka. Akampigia Atieno, nesi mwenzake anayekaa Al Wukair na familia yake, aje awachukue wakakae kwake. Akapanga mkoba mmoja wa hati na pesa tu, hakuweka ndani yake nguo wala kitambaa chochote cha nyumba ile. Mlangoni nikanyoosha mkono ule mzima nimshike mtoto mguu, nimuage.

"Usimguse," akasema.

Gari la Atieno likaondoka nao, nami nikabaki na maganda.

Duru ya kwanza ya dawa niliipatia wodini, nje kukiwa na lile joto la kiangazi ambalo ndege wenyewe hawaruki. Ni kapsuli. Zina harufu ya yai viza, na ukizinywa na wewe unanuka yai viza: jasho, pumzi, mkojo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva Mhindi wa Kerala, aliomba ahamishwe, akahamishwa, simlaumu. Mtu unayepitia hili ujue harufu hiyo si yako, ni ya dawa, itaondoka. Dawa inavuta risasi kutoka kwenye damu, namba inashuka, unafurahi, wanakuachisha dawa, halafu namba inapanda tena, kwa sababu nyingine imejificha kwenye mifupa na inatoka taratibu. Mara ya kwanza kuona imepanda nilidhani nakufa. Ndivyo inavyokwenda. Usikate tamaa kwa namba moja.

Mumbua naye alipimwa. Yangu ilikuwa mbaya sana lakini mimi ni mtu mzima. Yake ilikuwa ndogo kuliko yangu, lakini kubwa mno kwa mtoto. Daktari wa watoto alisema hatampa dawa kwanza: atolewe kwenye vumbi, apewe maziwa, maharagwe, ndengu, dawa ya kuongeza damu, apimwe tena. Ikipanda, atalazwa. Kisha akamuuliza Mwikali, "Anasema maneno mangapi?"

Mwikali aliniambia swali hilo kwa simu, sauti haina kitu. Sote wawili tulikuwa tumesema kila mara kwamba Mumbua ni mtulivu, amemfuata babu yake. Sasa utulivu wenyewe ukawa ndio tunaouogopa. Risasi hukaa kwenye akili ya mtoto, hilo nilielezwa, nikaomba nisielezwe zaidi.

Nilipotoka hospitali, Hajji alinisubiri nje ya vila na barakoa mbili na ndoo. Naye alikuwa amepimwa, yake ilikuwepo lakini ya chini, maana yeye hufanya kazi milango wazi na ananawa kwa ajili ya swala. Tulitoa zulia, godoro, mapazia, sufuria, kila kitu cha kitambaa na kila kilichopita jikoni. Tulifuta kuta kwa vitambaa vya maji, tukarudia, tukarudia. Kufagia hairuhusiwi, vumbi hupanda. Mkono wangu ulikuwa bado dhaifu, umefungwa banzi la plastiki, kwa hiyo kazi kubwa alifanya yeye, na mgongo wake ule.

"Ni mimi nililetaga hizi vitu," akasema, anakamua kitambaa.

"Ni mimi nilikuomba."

"Basi tusafishe." Na tukasafisha. Klabu nayo ilibadili mambo: sasa maganda yanaoshwa kwa maji, yamefungiwa, na mwenye kuyagusa anabadili nguo kabla ya kwenda kwake. Ingekuwa hivyo mwanzo. Lakini hayo si ya leo.

Duru ya pili ilikuwa joto linavunjika, jioni mtu anaweza kukaa nje. Kila Ijumaa baada ya ibada, maana huku kanisa ni Ijumaa, nilikwenda Al Wukair. Nilioga, nikavaa nguo mpya, nikakaa upande wa pili wa sebule ya Atieno kama mposaji. Mumbua alicheza na watoto wa mwenye nyumba. Alinitazama, akaendelea kucheza. Akinikaribia, Mwikali alimwita. Nilimkumbusha kwamba madaktari wamesema hii haiambukizi, kwamba nikiwa nimenawa naweza kumbeba.

"Daktari si mama yake," akasema.

Atieno alijifanya ana kitu jikoni.

Kule nyumbani Mwingi kazi ilikuwa nyingine. Nilieleza mara ngapi sijui kwamba ni madini, ni sumu, si ya bunduki. Mama aliitikia, akasema ameelewa, na wiki iliyofuata akauliza, "Wameitoa?"

"Inatoka polepole, mwaitu."

"Risasi gani hiyo ya kutolewa miezi yote? Huko hawana madaktari?"

Mwishowe nikaacha. Kanisa zima lilikuwa linaombea risasi itoke, na kwa kweli nilitaka itoke, basi maombi yalikuwa sahihi hata kama picha haikuwa. Lakini lile swali lake, haikumgusa mtoto, halikunitoka. Aliuliza kwa kukosea, na alikuwa sawa.

Kipimo cha pili cha Mumbua kilikuja karibu palepale pa kwanza. Kilishuka kidogo sana, kiasi ambacho nesi aliita "karibu sawa". Mwikali hakulia pale. Alilia chini, kwenye maegesho ya magari, amempa mtoto mgongo ili asione. Halafu akanigeukia.

"Nataka nikuambie mapema, ili usije ukashangaa. Huyu mtoto asipoongea, sitakusamehe. Nitajaribu, nitaomba, lakini sioni kama nitaweza."

Nilimwambia nimesikia. Nilitaka kusema mengi, kwamba nilikuwa mgonjwa, kwamba sikujua, kwamba naye aliona ndoo. Nilikuwa na hasira naye siku nzima ile, na nilimpenda siku nzima ile, vyote kwa pamoja, na nilikwenda nyumbani nikapika ndengu nikala nimesimama. Unayeuguza nyumba ya namna hii, jua kwamba maneno kama hayo yatasemwa. Yaache yasemwe. Mwikali alirudi kazini kesho yake akaendelea kunipigia kila jioni kuuliza kama nimemeza dawa.

Duru ya tatu ilikuwa ya baridi. Watu wanapeleka mahema jangwani, wengine wanavaa makoti kwa upepo ambao kwetu ni wa kawaida. Tumbo lilikuwa limetulia. Mstari wa fizi uliondoka. Mkono ulianza kunyanyuka, kwanza kidole cha kati, halafu vingine, kwa mazoezi ya kijinga ya kuokota njugu moja moja kwenye bakuli. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kupata kazi. Lakini sikulala vizuri, kwa sababu kipimo cha tatu cha mtoto kilikuwa kinakaribia.

Tulikwenda kuchukua majibu pale kituo cha Muaither, wote watatu. Mumbua alikuwa amevaa sweta la mtoto wa Atieno. Alikuwa anaongea. Hilo nilishaliona Ijumaa kwa Ijumaa, lakini sikuthubutu kulisema kwa sauti, na Mwikali pia hakulisema. Ilikuwa sentensi nzima nzima, nusu Kiswahili nusu Kijaluo cha kwa Atieno, kwa sababu ndiko alikokuwa anaishi. Alimuuliza mlinzi kwa nini ana kofia. Alimwambia mama mmoja Mfilipino aketi. Tulikaa kwenye viti vya bluu, Mwikali katikati, mtoto mapajani mwake, mimi pembeni.

Nesi alituita, akafungua kompyuta, akasoma namba. Ilikuwa imeshuka. Tena si kidogo.

"Soma tena," Mwikali akasema.

Akasoma tena.

"Hiyo ni ya Mumbua Kyalo? Tarehe yake ya kuzaliwa umeiangalia?"

Nesi akageuza kioo cha kompyuta ili aone mwenyewe. Akasema ataendelea kupimwa mpaka mwakani, daktari wa watoto atamwona tena kuhusu maneno, lakini kwa sasa hakuna wodi na hakuna dawa. Mwikali alishukuru kwa Kiingereza, kwa Kiarabu, na kwa Kikamba, akainuka, tukatoka.

Pale nje ya chumba alisimama, amembeba mtoto, anatazama ukuta. Nilisubiri. Nilikuwa nimezoea kusubiri umbali ule, hatua moja nyuma.

"Mshike," akasema. "Mkono wangu umekufa ganzi."

Mkono wake haukuwa umekufa ganzi, namjua. Nilimpokea Mumbua kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikauweka chini yake ukashika ulivyoweza. Alipinga kidogo, akamtaka mama yake, akanivuta sikio, halafu akajilaza begani kwangu na uzito wake wote. Alikuwa mzito kuliko nilivyomwacha. Nililia palepale mbele ya watu wenye namba zao mkononi, na sikujali.

Mwikali alisema anakwenda kutafuta maji ya kunywa. Nilimwona anapita kwenye mtambo wa maji, anasimama mbali kidogo kwenye dirisha, na hakuharakisha kurudi.